Isimani, Krismasi ya 1971: je, kiongozi mkali lazima awagawe watu?

Tarehe 25 Desemba 1971, mkulima wa mahindi wa Isimani aitwaye Said Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, akamuua. Akaupakia mwili kwenye gari la marehemu, akaliendesha mwenyewe hadi kituo cha polisi Iringa mjini, akajisalimisha. Mahakama ikamtia hatiani kwa mauaji, akanyongwa. Chuo cha ualimu pale mjini kikapewa jina la mkuu wa mkoa, na mpaka leo kinaitwa Kleruu. Mwamwindi hana chuo. Ana masimulizi, na wapo wazee wa Uhehe wanaomtaja kwa namna ambayo muuaji wa kawaida hatajwi.

Kila upande, basi, una mtu wake. Kwa wengine Klerruu ni shahidi wa Ujamaa aliyeuawa na bepari. Kwa wengine ni mbabe aliyemwingilia mtu shambani kwake siku ya sikukuu. Hata maneno yaliyorushwa siku ile yanasimuliwa tofauti kutegemea nani anasimulia.

Nakirudia kisa hiki kwa sababu ya kauli moja inayozunguka sana Iringa na Mbeya kila wanapotajwa viongozi wenye mkono mzito, tangu Mkwawa, mtemi wa Wahehe, mpaka Rais Magufuli: kwamba kiongozi imara lazima agawe watu, na asiyewagawa basi hajafanya kitu. Kauli hiyo inapendwa na wafuasi wa wakali, kwa kuwa inageuza lawama kuwa sifa. Inapendwa pia na wapinzani wao, kwa kuwa inawaruhusu kumwogopa kila mtu mwenye msimamo. Isimani ni mahali pazuri pa kuipima.

Ufa uliokuwepo

Ukitoka Iringa mjini kwa barabara ya Dodoma, kabla hujateremka Nyang'oro kwenda Mtera, uko kwenye tarafa ya Isimani. Ni pakavu. Mvua inayoilowesha Mufindi hapa haifiki, au hufika imechoka. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia sehemu kubwa ilikuwa pori. Baada ya vita watu wakaanza kufyeka, Wahehe na wageni kutoka kwingine, na udongo ambao haukuwa umelimwa ukatoa mahindi kwa wingi bila mbolea. Kufikia miaka ya 1960 Isimani ilikuwa moja ya maghala ya mahindi ya nchi.

Waliowahi walijikatia maeneo makubwa. Mwenye eneo kubwa akauza magunia mengi, akanunua trekta, akafungua eneo jingine. Aliyechelewa, au aliyekuja mikono mitupu, akawa kibarua wa aliyewahi. Katika muda usiotosha hata mtoto kuwa mtu mzima, tarafa moja ikawa na watu wenye mamia ya ekari na watu wanaolima kwa kulipwa ujira wa siku. Hakuna kiongozi aliyeutengeneza ufa huo. Uliletwa na ardhi ya bure, bei ya mahindi na trekta.

Nauweka mbele kwa sababu wanaolaumu viongozi kwa kugawa watu huzungumza kana kwamba watu walikuwa wamoja mpaka alipokuja huyo bwana. Isimani hawakuwa wamoja. Walikuwa wamenyamaziana, na anayenyamaza zaidi katika hali kama hiyo huwa ni kibarua.

Azimio la Arusha la Februari 1967 lilikuja na msamiati wa kuuzungumzia ufa huo: unyonyaji, mirija, kabaila, mnyonyaji. Mwezi Septemba mwaka huohuo Mwalimu Nyerere akatoa maelezo ya Ujamaa Vijijini. Mwaka uliofuata akaandika tena, kwa uwazi, kwamba vijiji vya ujamaa haviwezi kuundwa kwa nguvu, kwamba kazi ya kiongozi ni kueleza na kushawishi. Mpaka 1971 hapakuwa na amri ya nchi nzima ya kumlazimisha mtu kuingia kijiji cha ujamaa. Amri ilikuja Novemba 1973.

Mtu mwenyewe

Klerruu alikuja Iringa akitokea Mtwara, mkoa uliokuwa ukisifiwa kwa wingi wa vijiji vya ujamaa. Alikuwa msomi wa shahada ya udaktari wakati ambapo wasomi wa namna hiyo nchini walihesabika, na hakuwa mtu wa kukaa ofisini. Alikwenda mashambani. Kwamba siku ya Krismasi mkuu wa mkoa alikuwa Isimani wakati wenzake wako na familia zao, hilo peke yake linaeleza mengi. Wanaompenda huona uchapakazi. Wasiompenda huuliza: alikuwa anatafuta nini?

Kazi aliyojipa Isimani ilikuwa kuyaingiza mashamba makubwa kwenye vijiji vya ujamaa, vibarua wa jana wawe wanachama wa leo. Na hapa lazima tuseme jambo ambalo wasimuliaji wa upande wa Mwamwindi hulipita haraka: wapo waliofurahi. Mtu aliyekuwa akilima ekari za mwenzake kwa miaka, anaambiwa na mkuu wa mkoa mzima kwamba ardhi hii nayo ni yako. Ukimuuliza mtu huyo kama Klerruu anagawa watu, atakushangaa. Kwake yeye, hatimaye kuna mtu aliyesimama upande wake.

Kwa mkulima mkubwa mambo yalisomeka vingine kabisa. Pori lile alilifyeka yeye. Hati hana, kwa kuwa ardhi yote ilikuwa ya umma tangu mwanzo wa uhuru, ila ana visiki alivyong'oa na makaburi ya watu wake. Serikali ileile iliyomsifu kwa kulisha nchi sasa inamwita mnyonyaji.

Nusu ya kwanza ya ile kauli, basi, ni kweli. Uamuzi wowote wenye uzito katika Isimani ya 1971 ungewaudhi watu. Kutofanya lolote pia ulikuwa uamuzi, na ungewaacha vibarua walipo. Kiongozi anayetaka kupendwa na wote mahali kama pale anachagua upande wa wenye nacho bila kusema.

Malalamiko yangepelekwa wapi?

Lakini kuudhika ni jambo moja, bunduki ni jambo jingine. Katikati ya hayo mawili pana nafasi, na hiyo ndiyo inayonishughulisha. Tuseme ni Oktoba 1971 na wewe ni mkulima mkubwa wa Isimani unayeamini unaonewa. Utakwenda wapi?

Serikalini, mkubwa wa mkoa ni Klerruu. Kwenye chama, na chama ni kimoja kwa mujibu wa katiba ya 1965, mkuu wa mkoa ndiye pia katibu wa TANU wa mkoa. Bungeni, wakuu wa mikoa ni wabunge kwa vyeo vyao. Hawapigiwi kura na mtu. Kesi ya ngedere umpelekee nyani, ndivyo ilivyokuwa. Mtu mmoja ndiye aliyeamua ardhi igawanywe, ndiye aliyesimamia utekelezaji, na ndiye aliyepaswa kupokea malalamiko kuhusu utekelezaji huo.

Uchaguzi nao? Ni kweli mfumo wa chama kimoja haukuwa kiini macho mtupu. Mwaka 1965 karibu kila jimbo lilipewa wagombea wawili wa TANU, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine ya nyumba, na wananchi waliwaangusha wakubwa, akiwemo Waziri wa Fedha, Paul Bomani. Nadhani hii ni sababu mojawapo iliyomfanya Nyerere, kiongozi mwenye nguvu kuliko wote waliowahi kututawala, asiwe mtu wa kuigawa nchi vipande viwili: hasira iliweza kumwangukia mtu wa chini yake, kwa kura, bila nchi kutikisika. Lakini kura hiyo haikumfikia mkuu wa mkoa, maana huyo aliteuliwa. Na urais ulikuwa wa ndiyo au hapana kwa jina moja, na ndiyo zilipita asilimia 90. Ukizisoma takwimu hizo pekee utasema Tanzania ya 1970 haikuwa na mgawanyiko wowote. Mwaka mmoja baadaye mkuu wa mkoa akapigwa risasi.

(Hili ni onyo kwa wanaopima umoja kwa wingi wa makofi. Kiongozi mkali anaweza kuonekana hagawi watu kwa sababu tu waliogawanyika hawana pa kuonekania.)

Palikuwa na Mwongozo wa TANU wa Februari 1971. Ibara yake ya 15 ilisema ni mwiko kwa kiongozi kuwa na majivuno, makuu, dharau na uonevu. Ni maneno mazito, nayo yalitoka miezi kumi tu kabla ya Isimani. Wafanyakazi wa viwandani Dar es Salaam waliichukua ibara hiyo wakawakabili nayo mameneja wao, mgomo baada ya mgomo. Waliweza kwa kuwa wako mamia chini ya paa moja na wana kamati zao. Mkulima wa Isimani angeitumia wapi? Angeisoma mbele ya nani? Kwa kibarua ingemkinga vivyo hivyo, lakini mwaka ule kibarua hakuihitaji bado.

Tulipokuwa na njia nyingine

Wanaosema mambo hayakuweza kwenda vingine wanasahau majirani zetu wa Songea. Huko Litowa, tangu 1960, vijana walianzisha kijiji cha kuishi na kulima kwa pamoja kwa hiari yao, na vijiji vingine vikafuata mpaka vikaunda Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Viongozi wao hawakuwa laini. Kumfanya mtu alime shamba lisilo lake kwa moyo kunahitaji uimara kuliko kumtishia. Ila wanachama waliweza kumwambia kiongozi hapana kwenye mkutano wa kijiji, na kesho yake wakalima naye.

Nyerere alivisifu vijiji hivyo na kuvitumia kama mfano. Hata hivyo Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama chao. Watu waliojiendesha wenyewe hawakuingia vizuri kwenye mstari wa amri uliotoka makao makuu kwenda mkoa, mkoa kwenda wilaya. Miaka miwili baadaye, katika mkoa wa jirani, Ujamaa uleule ukatekelezwa kwa mtindo wa amri, na tumeona.

Kwa hiyo sikubali kwamba swali ni kati ya kiongozi imara na kiongozi dhaifu. Litowa na Isimani kote palikuwa na uimara. Tofauti ni kama kulikuwa na mtu aliyeweza kumkatalia kiongozi akabaki salama na akabaki mwenzake.

Mkwawa hutajwa hapa, na wanaomtaja wana haki, kwa kuwa ndiye kipimo chetu cha ukali. Alimshinda Zelewski, kamanda wa Wajerumani, pale Lugalo mwaka 1891, ngome yake ya Kalenga ikaangushwa 1894, akapigana porini mpaka 1898 alipojiua asikamatwe. Wajerumani waliahidi rupia 5,000 kwa kichwa chake. Uhehe ilisimama naye kwa namna ambayo hata maadui zake waliistaajabia. Lakini vuka Ruaha uende Usangu. Merere, mtemi wa Wasangu, ambaye Wahehe walikuwa wamemsukuma mpaka Utengule, aliungana na Wajerumani na akarudishiwa nchi yake. Kiongozi mmoja, watu wawili, kumbukumbu mbili. Hata nyumbani kwake ufa ulionekana mwishoni: ndugu yake Mpangile alikubali kutawazwa na Wajerumani mwaka 1896, nao wakamnyonga mwaka uliofuata.

Sitaki kumlinganisha mtemi wa vita na mkuu wa mkoa kwa undani. Nachukua jambo moja tu. Zama za Mkwawa, mtu aliyeshindwa au kuchoka na mtawala aliweza kuhama na watu wake, pori lilikuwepo. Mkulima wa Isimani, mwenye mashamba, trekta na makaburi, hakuwa na pa kuhamia.

Inafurahisha pia kwamba mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi, alikuwa Spika wa Bunge wakati haya yote yanatokea. Ukoo uliojulikana kwa mkuki ulitoa mtu wa kukaa katikati na kuwapa wengine zamu ya kusema. Bunge alilolisimamia lilikuwa na wabunge hodari, lakini halikuwa na njia ya kumwita mkuu wa mkoa ajieleze kwa mkulima.

Baada ya risasi

Serikali ilikuwa na nafasi ya kusoma kisa hiki kwa namna mbili. Ingeweza kuuliza kwa nini mtu mwenye mali, familia na heshima aone risasi kuwa ndilo jibu lililobaki. Au ingeweza kuhitimisha kwamba mabepari wa vijijini wameonyesha sura yao na sasa ni kusonga mbele. Ilisoma kwa namna ya pili, na siwezi kusema nashangaa. Serikali iliyouliwa mtu wake haiko katika hali ya kuuliza maswali ya upole. Mauaji yenyewe yaliharibu hoja ya wakulima wote waliokuwa na malalamiko ya haki. Kwa kumuua Klerruu, Mwamwindi aliufunga mjadala ambao yeye na wenzake ndio waliouhitaji zaidi. Wanaomfanya shujaa wanapaswa kulibeba hilo pia.

Mei 1972 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Iringa, mji uleule, na kutoa tamko la Siasa ni Kilimo. Mwaka huohuo ukaja mpango wa Madaraka Mikoani, ambao kwa jina lake ungedhani unawarudishia watu sauti. Uliwaongezea nguvu maofisa wa mkoa na kuzifuta halmashauri za wilaya, mahali ambapo mkulima aliweza kumchagua mtu wa kumsemea kuhusu barabara, soko na shamba. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa. Mahindi ya Isimani yalipungua katika miaka hiyo, na si haki kuitupia siasa lawama zote, kwa kuwa udongo uliolimwa mfululizo bila mbolea ulikuwa umeshachoka.

Mwaka 1984, akikaribia kung'atuka, Nyerere alisema hadharani kwamba kama angeanza upya asingefuta serikali za mitaa wala vyama vya ushirika. Hakusema asingekuwa mkali. Hakuukana Ujamaa. Alitaja mambo mawili, na yote mawili yalikuwa sehemu ambazo watu waliweza kubishana na serikali bila kuwa maadui wake. Kwangu huo ni ushahidi mzito kuliko maelezo mengi ya wasomi, kwa sababu umetoka kwa mwenye nguvu mwenyewe.

Ukiipeleka hoja hii kwenye miaka yetu, inafaa. Februari 2018 mbunge wa Mbeya Mjini, Joseph Mbilinyi, Sugu, alihukumiwa kifungo cha miezi mitano kwa maneno dhidi ya Rais, akatoka Mei kwa msamaha. Magufuli alikuwa na wapenzi wengi Mbeya na wengi hawakuwa na tatizo na ukali wake dhidi ya wala rushwa na wazembe. Lakini mbunge anapofungwa kwa maneno, anayempenda Rais na anayempenda mbunge hawawezi tena kuzungumzia barabara au bei ya mbolea bila kwanza kuulizana wako upande gani. Mgawanyiko wa aina hiyo haukuletwa na ujenzi wa reli wala na kutumbua watu. Ulikuja pale jibu la hoja lilipokuwa jela.

Swali la kibarua

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote dhidi ya haya niliyosema halitoki kwa mkulima mkubwa. Linatoka kwa kibarua. Anaweza kuniambia: mwenzangu, wewe unazungumzia mabaraza na rufaa. Hayo mabaraza yangejaa wenye matrekta. Wangepinga, wangechelewesha, na mimi ningezeeka nikipalilia mahindi ya watu. Bora Klerruu, na ukali wake.

Ana hoja. Halmashauri za vijijini mara nyingi zimekuwa za wenye nacho, na ushirika wa wakati ule ulijaa malalamiko ya viongozi kujinufaisha. Kiongozi mwenye haraka ya haki ana sababu ya kutovumilia vikao. Ningekuwa kibarua wa Isimani mwaka 1971 ningemshangilia.

Lakini fuata maisha ya kibarua huyo kwa miaka mitatu zaidi. Mwaka 1974, Operesheni Vijiji ilipopita, haikumhoji kama alikuwa tajiri au maskini, kama alimpenda Klerruu au la. Mamilioni ya watu nchini walihamishwa, kwingine nyumba zikabomolewa na mahindi yakaachwa shambani, na miaka hiyohiyo nchi ikaagiza chakula kutoka nje. Alipotaka kusema kwamba pale alipoelekezwa hapana maji, au kwamba msimu wa kupanda unapita, halmashauri ilikuwa imeshafutwa. Alibaki na ofisi ya mkuu wa mkoa peke yake.